Louis Braille na Ramani Zinazosomwa kwa Vidole



Katika kigango kimoja chini ya milima ya Uluguru, ambako baadhi yetu mafrateri tulitumwa kwa kazi za kichungaji wakati wa Kwaresima, yupo mzee aliyekuwa katekista kwa miaka mingi. Macho yake yalizimika uzeeni. Kanisa la zamani alilijua kwa hatua: toka mwembeni hadi mlangoni, toka mlangoni hadi kwenye benchi lake, toka kwenye benchi hadi kwenye kiti cha maungamo. Kisha waamini, kwa sadaka na jasho lao, wakalipanua kanisa. Milango ikahama, mabenchi yakapangwa upya, na nje ikachimbwa mifereji ya maji ya mvua. Mzee akawa mgeni katika nyumba aliyoifundishia katekisimu. Tangu hapo anaongozwa na mjukuu wake, ambaye alimfikisha hata kwenye maungamo na kumsubiri hatua mbili tu pembeni. Mzee hakulalamika. Aliacha tu kuungama.

Tulipolifahamu jambo hilo tuliamua kumtengenezea ramani ya kugusa. Tulifanya kazi jioni tatu kwa ubao, udongo wa mfinyanzi na gundi. Tulichonga paa na mikunjo ya mabati yake, mnara wa kengele, maua ya uani na sanamu ya Bikira Maria, na nyuma yake tukaisimamisha milima. Kila aliyeiona aliisifu. Mzee aliipapasa kwa muda mrefu, akatushukuru, kisha akauliza mlango uko wapi. Hatukuwa tumeuweka. Paa letu zuri lilikuwa limeufunika.

Aibu ile ndiyo iliyotupeleka maktaba, kumtafuta mtu aliyewahi kulifikiri jambo hili kabla yetu. Huko tukakutana na Louis Braille. Jina lake tulilijua kwa sababu ya maandishi ya nukta nundu. Hatukujua kwamba jiografia ilikuwa miongoni mwa masomo aliyofundisha, kwamba mwaka 1839 alichapisha maelezo ya namna ya kuchora ramani kwa nukta, wala kwamba alikuwa mpiga kinanda wa parokia na Mkatoliki aliyeishi imani yake kimyakimya. Tungependa kuyasimulia maisha yake kama tulivyoyaelewa, kwa sababu yalitusaidia kuliona kosa letu.

Mtoto wa fundi ngozi

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki mwa jiji la Paris, Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na karakana yake ilikuwa pale pale nyumbani, imejaa ngozi, nyuzi, visu na vyuma vya kutobolea. Mwaka 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, alichukua kifaa chenye ncha kali akitaka kumwiga baba yake. Kifaa kikateleza na kumchoma jicho. Wakati ule hakukuwa na dawa ya kuzuia maambukizi. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofika miaka mitano hakuona tena kitu chochote.

Wazazi wake hawakumficha. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana zipo nyumba, hata katika jumuiya zetu, ambamo mtoto asiyeona anawekwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Simon-René alimpa mwanawe fimbo ya kutembelea na kazi ndogo ndogo za karakanani. Inasimuliwa pia kwamba alipigilia misumari katika ubao kwa maumbo ya herufi, ili mtoto azijue kwa kuzipapasa. Kama ni hivyo, basi masomo ya kwanza ya Louis kwa vidole yalianzia kwenye mikono ya fundi.

Mwaka 1815 parokia ya Coupvray ilipata paroko mpya, padre Jacques Palluy. Alimwona kijana yule mwenye akili akaanza kumfundisha yeye mwenyewe: Maandiko Matakatifu, maua kwa harufu yake, ndege kwa sauti zao. Baadaye akamwomba mwalimu wa kijiji ampokee darasani pamoja na watoto wengine. Louis akawa miongoni mwa wanafunzi bora, ingawa wenzake walipofungua vitabu yeye alibaki amekaa mikono mitupu. Paroko angeweza kutosheka hapo, akamhesabu mtoto kati ya maskini wake wa kuwaombea na kuwasaidia. Badala yake aliuliza kama kuna mahali pa kumfaa zaidi. Kwa msaada wa mtu mmoja mkubwa wa eneo lile, akampatia nafasi katika shule ya wasioona ya Paris. Tarehe 15 Februari 1819, Louis akiwa na miaka kumi, baba na mwana walisafiri kwa gari la farasi hadi mjini.

Shule ndani ya seminari ya zamani

Shule hiyo iliasisiwa na Valentin Haüy mwaka 1785, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kwa wasioona. Louis alipofika, ilikuwa katika jengo ambalo mseminari yeyote angepaswa kulijua. Ni mahali ambapo Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alianzisha Shirika lake la Misioni mwaka 1625. Baadaye palikuwa seminari iliyoitwa Saint-Firmin. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa seminari ikageuzwa kuwa gereza la mapadre waliokataa kula kiapo cha serikali, na mwezi Septemba 1792 wengi wao waliuawa humo. Mwaka 1926 Papa Pio wa Kumi na Moja aliwatangaza wafiadini wa siku zile kuwa wenye heri. Kati ya waliofungwa pale alikuwemo padre René-Just Haüy, mtaalamu mashuhuri wa mawe na madini, ambaye aliokolewa na mwanafunzi wake siku chache kabla ya mauaji. Padre huyo alikuwa kaka yake Valentin Haüy. Hivyo gereza la kaka likaja kuwa shule ya mdogo wake.

Kama nyumba ya kuishi, jengo lilikuwa baya: giza, vyumba vyembamba, unyevunyevu hadi kitandani. Wengi wanaamini kwamba kifua kikuu kilichomuua Braille kilianzia humo.

Katika shule ile wanafunzi walisoma kwa herufi zilezile tunazozisoma sisi, ila zilikuwa zimeinuliwa. Karatasi yenye maji iligandamizwa juu ya herufi kubwa za chuma, ikikauka herufi zinabaki zimevimba. Kwa Haüy, mwenye macho, jambo hili lilikuwa na maana kamili: asiyeona asome kile kile anachosoma mwenzake. Lakini vitabu vilikuwa vikubwa na vizito kupita kiasi, na kila herufi ilipaswa kuzungukwa na kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo itambuliwe. Mtu akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Tena mwanafunzi hakuweza kujiandikia chochote. Alipewa vya kusoma, hakupewa kalamu.

Ramani nazo zilikuwepo. Mwaka 1784, kabla shule haijafunguliwa, alikuwa amefika Paris mpiga kinanda asiyeona kutoka Vienna, Maria Theresia von Paradis, ambaye tayari alikuwa na vifaa vya kujifunzia kwa mguso, zikiwemo ramani. Haüy alikutana naye na kujifunza kwake. Shuleni kwake akaweka ramani ambazo mipaka ya nchi ilionyeshwa kwa waya mwembamba. Kwa maoni yetu, katika ramani Haüy alikuwa karibu na ukweli kuliko katika herufi. Waya mmoja unaozunguka nchi, kidole kinaweza kuufuata bila kupotea, na hapo ndipo mtoto kama Louis alipogundua kwamba Ufaransa ina umbo.

Nukta sita

Mwaka 1821 alifika shuleni mtu aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga jeshini. Alileta mfumo wake wa kuandika kwa nukta zilizoinuliwa, hadi nukta kumi na mbili kwa alama moja, ambao uliandika sauti za maneno badala ya tahajia yake. Wanafunzi waliupapasa wakashangaa: nukta iliingia kidoleni haraka kuliko mstari uliopinda. Hata hivyo mfumo ulikuwa na kasoro. Alama ya nukta kumi na mbili haienei chini ya ncha ya kidole, haukuwa na tahajia wala vituo, na haukuwa na namna ya kuandika hesabu wala muziki.

Louis alikuwa na miaka kumi na miwili. Alianza kulifanyia kazi jambo hilo usiku wenzake wakiwa wamelala, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Alipofika miaka kumi na mitano, mwaka 1824, kiini cha kazi kilikuwa tayari. Alama moja ina nukta zisizozidi sita, tatu kwenda chini katika safu mbili. Nukta sita zinatoa mipangilio 63, inayotosha herufi zote, vituo, tarakimu na noti za muziki. Zaidi ya yote, alama nzima inaenea chini ya kidole kimoja kwa mguso mmoja. Hakuna haja ya kuizunguka.

Mwaka 1829, akiwa na miaka ishirini, alichapisha kitabu cha kueleza mfumo huo. Wanakwaya wetu watafurahi kujua kwamba hata katika jina la kitabu alitaja mambo matatu: maneno, muziki, na nyimbo za Kanisa za Kilatini zinazoimbwa bila ala. Alitaka asiyeona aweze kusoma, kupiga na kuimba katika Liturujia. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda katika parokia ya Saint-Nicolas-des-Champs jijini Paris.

Tunaosoma falsafa tumezoea kusikia kwamba macho ndiyo mlango mkuu wa maarifa. Aristotle analisema hilo mwanzoni mwa Metafizikia. Lakini Aristotle huyohuyo, katika kitabu chake juu ya roho, anafundisha kwamba katika hisi nyingine binadamu hupitwa na wanyama wengi, ila katika mguso huwapita wote, na anauhusisha ubora huo na akili yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilifafanua fundisho hilo. Sisi tulilisoma, tukajibu mtihani, tukalisahau. Braille alilithibitisha kwa ncha ya kidole. Haüy aliuliza namna ya kuyafikisha maandishi ya macho kwenye vidole, naye Braille akauliza vidole vyenyewe vinaweza kusoma nini.

Mwalimu wa ramani

Shule ilimpa Louis kazi ya kuwasaidia walimu, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu, jometria na muziki. Wanafunzi wake walimkumbuka kama mwalimu mpole, wa maneno machache, aliyejitahidi kulisema jambo kwa ufupi. Hata muhtasari wake wa hesabu, uliochapishwa mwaka 1838, ulikuwa mfupi. Aliyeandika kila neno kwa kuchoma nukta moja moja alijua gharama ya maneno.

Lakini kulikuwa na ukuta aliokuwa ameujenga yeye mwenyewe bila kukusudia. Kwa nukta sita wasioona waliweza kuandikiana, ila wenye macho hawakuweza kuzisoma. Mtoto hakuweza kumwandikia mama yake kijijini. Kwa hiyo mwaka 1839 Braille alichapisha njia nyingine. Wazo lake lilikuwa hili: umbo lolote linaweza kuvunjwa kuwa nukta, na kila nukta ikapewa namba ya mahali pake. Aliandaa majedwali yenye tarakimu, na asiyeona aliyefuata tarakimu hizo kwenye kibao chenye mistari aliweza kuchoma nukta zinazofanya umbo halisi la herufi, urefu wa nukta kumi, ambalo mwenye macho analisoma na asiyeona analipapasa. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona na fundi hodari, akaunda mashine ya kuiharakisha kazi hiyo mwaka 1841.

Kinachotuhusu hapa ni kwamba Braille hakuishia kwenye herufi. Katika jina la maelezo yale ya 1839 alitaja wazi kwamba njia hiyo ni kwa ajili ya herufi, ramani za jiografia, maumbo ya jometria na alama za muziki. Aliyesoma Descartes ataelewa mara moja: mahali panaweza kuelezwa kwa namba mbili. Ufuko wa bahari, mpaka wa nchi au mkondo wa mto unaweza kushuka kwenye karatasi nukta kwa nukta. Kabla ya hapo ramani ilitengenezwa na mwenye macho kwa ajili ya asiyeona. Huko Boston, Marekani, Samuel Gridley Howe alikuwa ametoa mwaka 1837 kitabu kizima cha ramani za mwinuko za nchi yake, kazi kubwa na ya kusifiwa, lakini nayo ilikuwa zawadi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa njia ya Braille asiyeona aliweza kuichora ramani yeye mwenyewe na kumwonyesha mwenye macho.

Msalaba na kifo

Kuanzia mwaka 1835 hivi Braille alijua kwamba ana kifua kikuu. Aliendelea kufundisha, akipumzika nguvu zilipokwisha na kurudi zilipopatikana. Mwaka 1840 mkurugenzi Pignier, aliyekuwa amemuunga mkono kwa miaka mingi, aliondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na Armand Dufau, aliyewahi kufundisha jiografia shuleni hapo. Dufau hakupenda nukta. Alihofia kwamba zinawatenga wasioona na jamii, akaleta herufi za mwinuko za aina nyingine. Inasimuliwa kwamba wanafunzi waliendelea kuandika kwa nukta kwa siri, wakitumia chochote chenye ncha. Tunamkumbuka Dufau bila kumhukumu, maana hoja yake ilikuwa ya mtu mwema: alitaka wote wawe pamoja. Alichosahau ni kuwauliza wale ambao vidole vyao vilikuwa vimekwisha jibu.

Kadiri miaka ilivyopita msaidizi wake, Joseph Guadet, alishawishika. Shule ilipohamia jengo jipya na kulizindua rasmi mwaka 1844, mfumo wa Braille ulionyeshwa na kuelezwa hadharani, naye akiwepo akisikiliza.

Waliomfahamu wanamkumbuka zaidi kwa ukarimu wa siri. Alitoa nafasi yake ya kupiga kinanda kwa mwenzake aliyehitaji kipato kuliko yeye. Alipokuwa mahututi aliacha kisanduku kidogo na agizo kwamba kichomwe moto bila kufunguliwa. Waliobaki walishindwa kujizuia, wakakifungua. Ndani walikuta hati za madeni ya wanafunzi na marafiki aliowakopesha. Hakutaka yeyote adaiwe, wala ajulikane kwamba aliwahi kudaiwa. Wakakichoma.

Alipokea Sakramenti za mwisho kwa utulivu, akafa jioni ya tarehe 6 Januari 1852, siku ya Tokeo la Bwana, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Alizikwa kijijini kwake. Wiki nne baadaye, tarehe 2 Februari, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, alikufa katika jiji lilelile padre Francis Libermann, baba wa kiroho wa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wana wake walifika Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda hadi Mhonda na Morogoro. Hatujasoma popote kwamba wawili hao walikutana. Lakini tukiwa Morogoro tunaona vema kuwakumbuka pamoja: majira ya baridi yaleyale Paris iliwapoteza watu wawili ambao matunda ya kazi yao yametufikia sisi, nao hawakuyaona.

Mwaka 1854 mfumo wa nukta sita ulikubaliwa rasmi katika shule aliyoifundisha. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliupendekeza kwa nchi nyingine. Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Kijiji cha Coupvray kiliomba kibaki na mikono yake, nayo imo makaburini hapo hadi leo. Tangu 2019 Umoja wa Mataifa unaadhimisha siku yake ya kuzaliwa, tarehe 4 Januari, kuwa Siku ya Nukta Nundu Duniani. Katika nchi yetu watoto wanasoma kwa nukta hizo katika shule kama Buigiri mkoani Dodoma, iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950, na Irente huko Lushoto, ya ndugu zetu Walutheri.

Tulichojifunza kwenye ubao wa pili

Baada ya kusoma haya tulirudi kwa mzee wetu. Safari hii hatukupeleka ramani. Tulipeleka ubao mtupu, uzi wa katani, gundi, msasa na mbegu kavu, tukamwomba atufundishe.

Jambo la kwanza tulilolielewa ni kwamba jicho huiona ramani nzima kwa mara moja, kisha hutafuta sehemu zake. Kidole hukutana na sehemu moja baada ya nyingine, na mtu huziunganisha akilini. Kwa hiyo kila kitu kisicho cha lazima ni mzigo. Maua yetu, mabati yetu na sanamu yetu vilikuwa kelele chini ya kidole. Mzee aliviondoa vyote. Hata milima aliiondoa. Tulisikitika kidogo, maana Uluguru inapanda hadi zaidi ya mita 2,600 na ndiyo fahari yetu, lakini alitueleza kwamba milima haijampotea: upepo wake anaujua, na maji yanayoshuka anayasikia. Kilichompotea ni mlango.

Jambo la pili, ramani ya kugusa haipaswi kuwa na paa. Ni kama nyumba iliyokatwa usawa wa magoti: kuta, mapengo ya milango, njia. Uzi wa katani uliobandikwa ukawa kuta. Pale ulipokatika ndipo penye mlango. Kipande cha msasa kilionyesha mfereji, kwa sababu ukali wake ni onyo. Mbegu moja ikawa benchi lake, mbegu mbili zilizokaribiana zikawa kiti cha maungamo. Tulipoweka uzi wa njia karibu mno na uzi wa ukuta, vidole vyake viliona kitu kimoja kinene, tukausogeza. Alama zilikuwa tano tu, na zilitosha.

Jambo la tatu, ilibidi ramani ziwe mbili: moja ya uwanja, toka mwembeni hadi mlangoni, nyingine ya ndani ya kanisa. Tulipotaka kuzibana katika ubao mmoja hakuna iliyosomeka. Pembe ya chini ya kila ubao tuliikata kidogo, ili ajue namna ya kuushika na upande wa kuanzia.

Leo wataalamu wana karatasi maalumu inayovimba ikipashwa joto palipochorwa wino, na plastiki inayolainishwa kwa moto juu ya kielelezo ili kutoa nakala nyingi. Parokia yenye uwezo na iwatafute. Lakini asiwepo atakayesubiri mashine. Katani inalimwa mkoani kwetu, na gundi ipo dukani.

Basi tunawaomba wasomaji wetu, hasa mapadre, walei katika kamati za ujenzi na mafrateri wenzetu, jambo dogo. Kanisa linapopanuliwa, njia inapohamishwa au mfereji unapochimbwa, aitwe asiyeona wa kigango na apitishwe kwenye mchoro kabla saruji haijakauka. Tusimpelekee kazi iliyokwisha. Tumwombe aikosoe ingali kwenye ubao, na tukubali avitoe hata vile tulivyovipenda.

Jumamosi iliyotangulia Dominika ya Matawi mzee alikuja kanisani na fimbo yake. Mjukuu alibaki mwembeni akicheza na wenzake. Tulimwona akisimama penye mlango, akigusa fremu yake, akihesabu mabenchi kwa mkono wa kushoto, kisha akapinda kulia. Alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo peke yake. Sisi tulitoka nje tukafunga mlango.